Paka wangu wa Shirazi anapukutika manyoya kupita kiasi. Nimnyoe kabla ya safari ya Salalah?

BintiMkunazini (Maskati)

Assalaam alaykum ndugu zangu. Nina paka wa Shirazi, jike, miaka minne, jina lake Pamba. Rangi yake ya tui la nazi, uso bapa, uzito kilo nne na robo. Tunakaa Al Khuwair, ghorofa ya tatu, na kiyoyozi hatujakizima tangu Aprili.

Mwaka huu manyoya yamezidi. Nikimpapasa mgongoni mara moja tu, kiganja kinarudi kimejaa. Nafagia asubuhi, nafagia baada ya laasiri, na magharibi nikitandika mswala nakuta nyuzi nyeupe pale pale ninapotaka kuweka paji la uso. Mabuibui nimeyafungia kabatini ndani ya mifuko. Mavyaa wangu anamwonea huruma, kila akija anasema, "Mtoto huyu kavaa blanketi kwenye joto hili, mnyoeni."

Hofu yangu ni hii. Mwaka jana mwezi wa sita nilimpeleka duka moja hapa mjini, jina silitaji. Nilimwacha saa tatu asubuhi, saa sita nikaitwa nikamchukue. Walimnyoa mwili mzima wakamwachia kichwa, miguu na ncha ya mkia, ule mtindo wa simba. Nilipofika nyumbani nikaona kwapani ana mkato, mrefu kama ukucha wa kidole changu cha mwisho, damu imeshaanza kukauka. Hakuna aliyeniambia. Alikaa chini ya kitanda siku tatu. Manyoya yalichukua miezi saba kurudi, na yaliporudi yalikuwa mororo kama sufi ya mto, hayakai siku mbili bila kusokotana.

Hivi sasa ana rasta mbili nyuma ya masikio na moja kwapani, ngumu, kubwa kama kungumanga. Katikati ya Julai tunakwenda Salalah kwa gari, na Pamba tunamchukua. Mashine ya kunyolea nimeshanunua, ipo kwenye boksi lake, sijaifungua. Nimnyoe mwenyewe au nisimnyoe? Na hizo rasta nazitoaje bila kumuumiza? Mkasi naogopa kuushika.

Shukuru_Upanga (Dar es Salaam)

Dada pole. Mimi nina dume chotara, mama yake alikuwa wa manyoya marefu, na huyu wangu hana msimu, anapukutika Januari mpaka Desemba. Nilikuwa nafikiria kumnyoa na mimi. Jirani amenishauri nimpe nusu kijiko cha dawa ya mafua ya watoto ili asinzie, halafu nimnyoe akiwa amelala. Sijampa bado, nimeona niulize hapa kwanza.

BiKitana (Seeb)

Waalaykum salaam mwanangu. Mashine iache ndani ya boksi lake.

Kazi hii nimeifanya miaka 16. Nilianzia kwenye kliniki ya wanyama Ruwi, nikiosha na kukausha tu, sasa nafanyia nyumbani kwangu. Wengi wanaopita mikononi mwangu ni hawa hawa wa Shirazi. Waarabu ndio wanaowaita hivyo. Kwenye vyeti vya ufugaji utaona wameandikwa paka wa Kiajemi, na ni hao hao.

Kwanza uyajue manyoya yenyewe. Juu ana nywele ndefu, nzito kidogo, zinazong'aa. Chini yake ana malaika, yaani manyoya ya ndani, mengi mno, laini, yamejikunja. Yanayopukutika zaidi ni hayo malaika. Kwa paka wa kawaida wa mtaani yakifa yanaanguka, basi. Kwa Shirazi hayaanguki yote, kwa sababu nywele ndefu za juu zinayashika, yanabaki humo ndani yamening'inia. Paka akijilamba, akilalia ubavu mmoja, akijikuna shingo, yanasokotana na yale mazima. Ndivyo kungumanga lako lilivyozaliwa. Na ndiyo sababu linaota kwapani, nyuma ya masikio, tumboni na nyuma ya mapaja, maana hapo ndipo ngozi inaposuguana na ngozi.

Mavyaa wako ana huruma na huruma yake ni haki, ila blanketi analoliona si manyoya mazima. Mpulizie paka aliyechanwa mpaka ngozini, manyoya yanagawanyika na unaiona ngozi, ya pinki, kavu. Hewa inafika. Mpulizie aliyesokotana, huoni kitu, ni kama unapulizia zulia. Huyo ndiye anayeteseka na joto, na chini ya zulia lake ngozi inafanya unyevu, inakuwa nyekundu, mwisho inafanya vidonda. Niliwahi kuletewa dume mmoja mwezi wa saba, mwenyewe alisafiri miezi mitatu akamwacha na kijana wa kazi ambaye alikuwa akimpiga brashi kila siku, kwa uaminifu kabisa. Juu anang'aa. Nilipotia chanuo halikuingia hata jino moja. Ilibidi daktari amlaze kwa dawa ndipo tumnyoe, na yale manyoya yalitoka kipande kimoja kama kofia ya kuvua. Tuliyapima: gramu 210. Ngozi ya tumbo ilikuwa na harufu, na kijana wa watu alilia, kwa sababu hakuwa mzembe, hakuna aliyemfundisha kwamba brashi inapita juu tu.

Kwa hiyo nunua chanuo la chuma, lenye meno mapana upande mmoja na ya karibu karibu upande wa pili. Urefu wa jino usipungue sentimita mbili na nusu, jino fupi halifiki kwenye ngozi ya Shirazi. Langu nililinunua riyali tatu na nusu na huu ni mwaka wake wa tisa. Brashi ya sindano iwe nayo, lakini iwe ya pili, ya kumalizia. Vile vifaa vyenye wembe, FURminator na jamii yake, kwa paka wa aina hii mimi sivishiki, kwa sababu ukikazana vinakata na nywele za juu, na hizo zikikatika ovyo malaika yanapata nafasi ya kusokotana zaidi.

Kumchana ni kama kumchana mtoto kabla ya kumsuka. Huanzi kupitisha chanuo kutoka utosini. Unagawa njia. Mweke Pamba mapajani baada ya kula, wakati ana usingizi. Pitisha vidole kwanza mwili mzima, usikie palipo na uvimbe. Halafu anza chini, karibu na paja: kwa kiganja cha kushoto yainue manyoya yote juu, acha mstari mmoja mwembamba, uuone mpaka ngozi. Uchane huo mstari peke yake kuelekea yanakolala. Shusha mstari mwingine juu yake, uchane. Hivyo hivyo mpaka uti wa mgongo. Juu ya uti wa mgongo mkono uwe mwepesi sana, pale hakuna nyama. Chanuo likikwama usivute. Rudi nyuma, anza kwenye ncha, sogea kidogo kidogo.

Dakika kumi zinatosha. Siku moja ubavu huu, siku ya pili ubavu ule, ya tatu kifua na shingo, ya nne mapaja na mkia, halafu unaanza tena. Mkia wake ukianza kupiga huku na huku, masikio yakilala nyuma, ngozi ya mgongo ikitetemeka, acha hapo hapo hata kama ni dakika ya tatu, mpe kipande cha kuku, mwache aende. Ukimlazimisha leo kesho atakukimbia akikuona tu na chanuo, na miaka iliyobaki mtakuwa mnafukuzana.

Rasta sasa. Mkasi umefanya vyema kuuogopa. Ngozi ya paka ni nyembamba na haikushikana na nyama. Rasta ikikaza inaivuta ngozi juu, inasimama kama hema. Wewe unadhani unakata manyoya, kumbe umekata hema. Naamini mkato wa Pamba mwaka jana ulikuja hivyo, iwe kwa mkasi au kwa mashine.

Chukua unga mweupe wa wanga, ule unaotiwa kwenye halua. Nyunyiza kidogo kwenye rasta, usugue kwa vidole mpaka uingie ndani. Unafanya nywele ziteleze. Bana shina la rasta karibu na ngozi kwa kidole gumba na cha shahada, ukaze, ili mvuto wote uishie kwenye vidole vyako na ngozi isisikie. Kisha tumia jino la mwisho la chanuo, moja tu, uchambue kutoka ncha ya rasta kuja kwenye shina. Utatoa nyuzi mbili tatu. Utatoa tena. Rasta ya nyuma ya sikio huisha kwa siku mbili. Ya kwapani, mwenzako akamshike, mguu uinuliwe mbele kidogo tu, usivutwe pembeni, nayo uipe siku nne tano, kila siku kidogo.

Ikiwa imekwenda mpaka ngozini na haigawanyiki, mpeleke kliniki, hapo daktari anaipitishia mashine yeye, eneo lile tu. Mwili mzima hakuna haja.

Na kitu kimoja ambacho watu wengi hukosea: usimwoshe kabla hujamaliza rasta. Zikilowa zinakaza na kukauka kama kamba ya usumba. Chana kwanza, osha baadaye, maji ya uvuguvugu, sabuni ya paka, suuza mpaka maji yatoke meupe kabisa, umkaushe mpaka kwenye mashina kwa hewa ya chini, isiyo moto, huku unachana. Ukimwosha hivyo malaika yaliyokufa yanatoka kwa wingi utashangaa. Mara moja kwa wiki tatu au nne msimu huu.

Mapumziko ya chai. Nitarudi.

DaktariKisauni (Mombasa)

Mimi ni daktari wa mifugo, na nianze na Shukuru kwa sababu jambo lake haliwezi kungoja.

Kaka, usimpe hiyo dawa. Dawa nyingi za mafua za watoto zina paracetamol, ndiyo Panadol, na kwa paka hiyo ni sumu. Ini lake halina uwezo wa kuivunja kama letu. Damu inashindwa kubeba hewa, ufizi unageuka rangi ya udongo au ya buluu, uso na miguu vinavimba, na kidonge kimoja cha mtu mzima kinatosha kumuua. Nimempokea paka wa namna hiyo usiku na nikamkosa. Kama kuna haja ya kumlaza, dawa zake zipo kwa daktari, naye hupima kwanza moyo na uzito.

Kuhusu msimu: manyoya ya paka hufuata mwanga zaidi ya joto. Mchana ukirefuka, ubongo unapunguza homoni inayotolewa gizani, na ngozi inaambiwa iachie manyoya ya majira ya baridi. Maskati ipo karibu kabisa na Tropiki ya Kansa, mbali na ikweta. Desemba urefu wa mchana wake ni kama saa 10 na dakika 40, Juni unapita kidogo saa 13 na nusu, ndiyo maana Pamba ana msimu unaoonekana. Dar es Salaam tofauti hiyo haifiki hata saa nzima, na hapa Mombasa ni chini ya hapo. Paka wa kwetu hapati ishara, anapukutika kidogo kidogo mwaka mzima kama Shukuru alivyoona. Taa za ndani usiku nazo zinavuruga hesabu. Paka wa asili wa pwani hii, khadzonzo wa msitu wa Arabuko Sokoke, karibu hana malaika ya ndani kabisa, hivyo hana mengi ya kupukutisha.

Kunyoa nakubaliana na Bi Kitana kwa paka mzima anayeweza kuchanwa. Paka mweupe aliyenyolewa huungua na jua hata kwenye dirisha lenye kioo kilichofunguliwa, na masikio ya paka weupe tayari yako kwenye hatari ya saratani ya ngozi. Ila nisiwafunge watu: kuna mzee wa miaka 14 mwenye viungo vibovu asiyeweza kujipinda, kuna mnene asiyefika mgongoni kwake, kuna aliyegeuka zulia zima. Hao kuwanyoa kwa daktari ni kuwapunguzia mateso, na asione mtu haya.

Tazameni pia namna manyoya yanavyotoka. Ya msimu yanapungua sawasawa mwili mzima na ngozi inabaki safi. Mkiona duara tupu lenye magamba, au nywele zimekatika kama zimekatwa, fikirieni mapunye. Paka hawa wa Kiajemi huyapata sana na huyaambukiza kwa watoto wa nyumbani. Akilamba tumbo mpaka likabaki uchi, mara nyingi ni viroboto au mzio. Na dawa ya viroboto ya mbwa isimguse paka, nyingi zina permethrin, inawatia degedege. Mafuta ya taa pia, naona bado watu wanayatumia huku kwetu, yasiguse manyoya. Chochote unachompaka anakilamba.

Joto la mwili wa paka ni kati ya 38 na 39. Paka hatoi jasho ila kwenye nyayo, anajipoza kwa kulowesha manyoya kwa mate. Ukimwona anahema mdomo wazi kama mbwa, hasa huyu wa uso bapa ambaye pua yake ni finyu tangu kuzaliwa, hiyo ni dharura. Mpeleke penye ubaridi, mloweshe kwa maji ya bomba ya kawaida, yasiwe ya barafu, washa feni, na mkimbilie kliniki.

Shukuru_Upanga (Dar es Salaam)

Daktari, Mungu akubariki. Chupa nimeirudisha kabatini na jirani nimempitishia maneno yako, naye ana paka wawili.

MsukumaWaTheluji (Minneapolis)

Salaam kutoka kaskazini. Mimi nina paka wa aina ya Maine Coon, kilo nane, jina lake Mwanamalundi. Aliyoyasema daktari kuhusu mwanga nayaona kwa macho. Hapa Desemba mchana hauzidi sana saa nane na dakika 45, Juni unapita saa 15 na nusu. Mwezi wa tatu, nje bado kuna theluji, paka wangu anaanza kuvua koti. Baridi ipo palepale, ila mwanga umebadilika. Mwaka wa kwanza nilidhani ni ugonjwa, nikalipa daktari bure.

La kuongeza ni tumboni kwake. Ulimi wa paka una miba inayoelekea kooni, kwa hiyo manyoya anayoyalamba hawezi kuyatema, anayameza. Msimu huu alikuwa anatapika bonge la manyoya kila wiki, refu kama kidole. Nilipoanza kumchana kila jioni na kumpa chakula cha majimaji badala ya kikavu kitupu, limekuwa moja kwa mwezi au halipo. Kijiko kidogo cha boga lililochemshwa, bila chumvi wala kitunguu, nacho kimemsaidia.

DaktariKisauni (Mombasa)

Sahihi. Ila akijikamua kutapika mara kwa mara na hakitoki kitu, au akikataa chakula siku nzima na tumbo likawa gumu, msingoje. Bonge linaweza kuziba utumbo. Na paka mnene asipokula siku mbili tatu ini lake linaanza kujaa mafuta, hilo ni tatizo la pili juu ya la kwanza.

BintiMkunazini (Maskati)

Ahsanteni sana, nimesoma kila neno mara mbili. Chanuo nimelipata leo. Mgongo na ubavu amekubali. Tumbo hakubali kabisa, nikigusa tu ananishika mkono kwa miguu yote minne. Na Bi Kitana, nisaidie mambo mawili: mswala wangu nifanyeje, na hiyo safari ya Salalah.

BiKitana (Seeb)

Nimerudi. Tumbo usilitafute kwa kumlaza chali. Paka chali anajiona yuko vitani. Msimamishe kwa miguu ya nyuma mgongo wake ukiwa umeegemea kifua chako, mkono wa kushoto umpitishe chini ya kwapa zote mbili umuinue kama unayemsimamisha mtoto anayejifunza kutembea, na mkono wa kulia uchane chini, meno mapana, mara nne tano, umshushe. Kwanza fanya siku tatu bila chanuo, mkono mtupu tu, azoee. Mie wangu, marehemu Zabibu, alichukua mwezi mzima kukubali tumbo, na baada ya hapo alikuwa akija mwenyewe akisikia chanuo linagonga kwenye bakuli.

Mswala: tulivyosomeshwa sisi wa madhehebu ya Shafi, paka mwenyewe ni tohara, mate yake na alipokaa. Abu Qatada, sahaba, alimwinamishia paka chombo anywe katika maji ya udhu, akasema Mtume, rehema na amani zimfikie, ameeleza kwamba paka si najisi, ni katika wanaokuzungukeni. Nywele iliyokwisha kumtoka ndiyo yenye maneno, na kidogo kwa mwenye kufuga kinasamehewa kwa sababu ni shida kujikinga nacho. Kwa zaidi ya hapo muulize sheikh wako. Ninachofanya mimi: mswala haukai umetandikwa, unakunjwa na kutiwa ndani ya foronya mara nikimaliza, na kabla ya kutandika napitisha glavu ya mpira iliyoloweshwa kidogo, kuelekea upande mmoja tu. Manyoya yanajikusanya kama kamba unayaokota. Buibui vivyo hivyo. Kwa zulia glavu hiyo inashinda mashine ya kufyonza vumbi.

Salalah sasa. Hiyo safari peke yake ingetosha kukukataza kumnyoa. Khareef, msimu wa mvua kule, ni manyunyu na ukungu kutwa, joto la ishirini na kitu, usiku utatafuta shuka. Unampeleka mtoto uchi kwenye baridi ya mvua? Ila ukungu ule unamlowesha manyoya bila kuona, na unyevu ndio unaosokota. Kule mchane asubuhi na jioni, na akitoka roshani akirudi mfute kwa taulo kavu mpaka ndani.

Njia ni karibu kilomita elfu moja. Kati ya Adam na Thumrait ni jangwa tupu, na Haima mwezi wa saba ni moto kuliko Maskati. Mkisimama kutia mafuta au kuswali, mmoja abaki garini na injini ikiunguruma, kiyoyozi kikiwaka. Hata dakika tano asiachwe. Mchane vizuri siku moja kabla, usimwoshe siku ile. Kikapu chake kiwe cha waya au chenye matundu pande zote, chini utie taulo la pamba, si blanketi la manyoya. Maji umpe kila mkisimama, asipokunywa loweka chakula chake.

Na ile mashine, kama duka litakubali, irudishe.

BintiMkunazini (Maskati)

Ndugu zangu, ni wiki tatu tangu niandike.

Rasta za masikio zilitoka siku ya pili na ya tatu. Ya kwapani ilichukua siku sita. Mume wangu alimshika, mie nikawa nachambua jino moja moja na unga wa halua umenijaa mpaka kwenye kope. Siku ya sita ilibaki kama punje ya pilipili manga, nikavuta kwa vidole tu ikaachia. Chini yake ngozi ilikuwa na wekundu, nikampelekea daktari picha, akaniambia niiache kavu, na imepona. Nimeuona na mkato wa mwaka jana, mstari mweupe usioota nywele.

Manyoya ninayomtoa kila jioni nilikuwa nayatia kwenye mfuko wa nailoni nione yanafika wapi. Wiki ya kwanza mfuko ulijaa. Wiki hii yamekuwa kama kiganja. Nafagia mara moja kwa siku. Tumbo bado, tumefika mara mbili za chanuo kisha ananing'ata, lakini haniumizi, anashika tu.

Jana mavyaa alikuja. Nilimpa Pamba mapajani nikamwambia ampulize mbavuni. Akapuliza, akaiona ngozi, akapuliza na upande wa pili. Kisha akaniomba chanuo.